Hulia Kivulini

Umeniuliza, Mwakio, kwa ujumbe wa sauti,
jogoo wako akikukatiza kila sentensi:
"Si serikali yao inakulipia kila kitu?
Sasa unalialia nini?"

Ngoja nikujibu. Nimeegesha gari nje ya chuo,
hapa Watertown, saa kumi na mbili na robo asubuhi.
Theluji imefika kwenye vishikio vya milango
na hita imekufa upande wa abiria,
ambako, bahati nzuri, hakuna abiria.

Ndiyo, inalipa.
Ada inatoka huko juu, inaingia chuoni
bila kupitia mkononi mwangu,
kama mahari inayojadiliwa na wajomba
bibi harusi akiwa jikoni.
Mimi huletewa karatasi: Salio, sifuri.
Sifuri nzuri, ya mviringo. Niliipiga picha.

Nimepewa miezi thelathini na sita,
nayo huhesabiwa hadi siku.
Jeshini nilikaa miaka minane
nikiendesha lori la mafuta jangwani Kuwait,
jua likiubandika mgongo wangu kwenye kiti,
na hakuna aliyehesabu siku ila mimi,
kwa kalamu, ndani ya kifuniko cha kisanduku cha spana.
Sasa wanahesabu wao.

Muhula uliopita niliacha somo la takwimu.
Goti lilivimba kama fenesi changa,
darasa liko ghorofa ya tatu, lifti mbovu.
Nilidhani kuacha somo ni kuacha somo.
Wiki sita baadaye ikaja barua:
nadaiwa dola mia tisa na kumi na mbili
kwa hesabu ambazo sikujifunza.
Bibi Lachapelle, wa dirisha la askari wastaafu,
aliisoma mara mbili, akavua miwani,
akanisogezea bakuli la peremende.
Ndivyo anavyotoa pole.

Halafu Januari.
Chuo kikifungwa, posho ya nyumba hufungwa nacho,
ila mwenye nyumba hafungi.
Nikapakia mikate usiku, Mtaa wa Arsenal,
trei mia nne, mguu mmoja ukifanya kazi ya miwili.
Jeshini nilizoea likizo yenye mshahara.
Hii ya uraiani ina njaa.

Darasani wenzangu wana miaka kumi na tisa.
Kijana mmoja, kabla ya kuniuliza jina,
aliniuliza kama niliwahi kuua mtu.
Nikamwambia nilijaza matangi.
Uso ukamshuka, kama niliyemuuzia tiketi ya uongo.

Nawe ulicheka nilipokutajia ninachosomea.
"Miaka minane ya bunduki, ili uoshe meno ya watu?"
Cheka. Nina taya la plastiki ndani ya mkoba,
meno thelathini na mawili,
na wiki jana nililisafisha gego la nyuma kabisa,
lile lisiloonekana, ambalo kila mtu hulisahau,
mpaka mwalimu akapitisha kidole, akaniita wengine waje waone.
Sijawahi kupigiwa saluti iliyonikaa vile.

Unakumbuka tukisugua masufuria kwa jivu,
tukibishania ile methali ya Mama?
Mchumia juani hulia kivulini.
Wewe ukasema, anakula.
Mimi nikasema, sikiliza vizuri, analia.
Mama akasema masufuria bado yana masizi.

Basi, jua nililichuma. Kivuli ndicho hiki,
nyuzi kumi na nane chini ya sifuri.
Imebaki miezi ishirini na mitano na siku kadhaa.
Takwimu nimeirudia, safari hii darasa liko chini.
Ada ya Mkamburi nitatuma Ijumaa ya wiki ijayo,
usimwambie ni kesho.

Sasa niache nimalize chapati ya jana.
Imeganda; naipasha juu ya hita, upande wa dereva.
Nakula, Mwakio.
Hiyo unayoisikia puani ni baridi.